Joto la Mkebe

Kisumu hakuna mtu anayeuza joto. Utapata makaa kwa mkebe, kuni kwa fungu, mafuta taa kwa chupa ya soda, gesi kwa silinda, na ukipita Kibuye siku ya Jumapili utapata hata maranda kwa gunia. Lakini joto lenyewe, ile kitu hasa unayoitaka ili omena ziive, halina bei kwenye ubao wa mtu yeyote. Unanunua mkebe, unaupeleka nyumbani, halafu unaomba Mungu. Mkebe wenyewe ni ule wa rangi wa lita nne, na wauzaji wengine wameugonga kitako kikaingia ndani kama tumbo la mtu mwenye njaa. Makaa yanapangwa juu kama mnara ili macho yashibe kwanza. Mama yangu, ambaye amenunua makaa hivi tangu kabla sijazaliwa, huuinua mkebe na kuchungulia chini yake, kisha anamwangalia muuzaji, wanacheka wote wawili, na anaongezewa vipande viwili.

Shuleni tulifundishwa kitu kinaitwa thamani ya joto. Ni joto linalotoka ukichoma gramu moja ya fueli mpaka iishe kabisa. Namba zenyewe, kwa kukadiria, ni hizi: kuni zilizokaushwa na hewa, kilojuli 16. Makaa mazuri, 29. Ethanoli, karibu 30. Mafuta taa, 43 na zaidi. Gesi ya kupikia, 46 na zaidi. Tukapewa pia orodha ya mambo ya kuzingatia unapochagua fueli: thamani ya joto, upatikanaji, urahisi wa kuwaka, usafirishaji, uhifadhi, uchafuzi. Tuliikariri kama sala, maana hiyo huja kwenye KCSE. Ni miaka baadaye, nimekaa kwenye kibanda cha mama pale Nyalenda na kalamu mkononi, ndipo niliona jambo ambalo orodha haikuwa nalo: kiasi kidogo kabisa unachoweza kununua leo, kwa pesa iliyo mfukoni leo.

Chuo kikuu nilisoma kemia mwaka mmoja na nusu. Karo ikakatika, nikarudi nyumbani. Hadithi hiyo kila mtu mtaani ana yake, kwa hivyo nitaipita. Sasa naandika. Naandikia yeyote anayelipa, na mara nyingi anayelipa yuko mbali sana na hapa. Kazi moja niliyowahi kupewa ilikuwa kusifu majiko ya gesi ya kuchomea nyama, yale Wamarekani huweka uani. Jiko moja lilitangazwa kuwa na BTU 40,000 kwa saa. BTU moja ni kama kilojuli 1.055, kwa hivyo jiko hilo likifunguliwa lote linatoa zaidi ya kilojuli 42,000 kila saa. Mama hutumia mikebe minne ya makaa kutoka asubuhi hadi usiku, kilo nne hivi. Lile jiko la uani lingemaliza joto la siku yake nzima chini ya saa tatu, kwa familia moja na soseji zao. Niliandika kwamba linafaa kwa wikendi tulivu. Nililipwa dola tano.

Lakini turudi darasani kidogo, kwa sababu kuna sentensi moja ya pale ambayo haijawahi kuniacha.

Jaribio lenyewe wengi mnalijua. Unachukua taa ndogo ya utambi yenye ethanoli, unaipima, unaiweka chini ya kopo la maji. Sisi tulikuwa na maji gramu 200. Yakapanda kutoka digrii 24 hadi 44, na taa ikapungua gramu 1.1. Zidisha 200 kwa 4.2 kwa 20, unapata juli 16,800, yaani kilojuli 16.8. Ukigeuza kuwa joto la moli moja ya ethanoli inakuja kama kilojuli 700. Kitabu kinasema 1,368. Karibu nusu ya joto ilikuwa imeenda mahali pengine kabla ya kufika kwenye maji. Kwa nini? Jibu la mtihani ni fupi: joto lilipotea katika mazingira. Tuliandika, tukapata alama, tukaenda kula.

Mazingira hayo nimekuja kuyajua vizuri. Ni uso wa mama saa sita mchana. Ni mikono yake, ni mabati ya nyuma ya jiko ambayo yamebadilika rangi ya samawati na kahawia, na ni hewa ya Ring Road inayopokea bure joto tulilolipia.

Watu wengi hudhani joto limelala ndani ya makaa, kama maji ndani ya dafu, na moto unalifungulia tu. Si hivyo. Kipande cha kaa peke yake hakina cha kukupa. Joto hutoka pale kaboni inapokutana na oksijeni ya hewa na kuungana nayo. Kuvunja vifungo vya zamani kunagharimu, kufunga vipya kunalipa, na kinacholipwa ni kikubwa kuliko gharama. Ile tofauti ndiyo inayochemsha chai. Njiti ya kiberiti ni kama Fuliza: unakopeshwa kidogo ili mambo yaanze, halafu moto ukishika unalipa deni na kubaki na faida.

Ukielewa hivyo, unaelewa pia kwa nini kuni zina nusu ya joto la makaa. Ukichukua mti mkavu ukaupima, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na asilimia zaidi ya 40 ni oksijeni. Sehemu ya ile kaboni tayari imeshikana na oksijeni tangu mti ukiwa umesimama. Ni kama mtu aliyeuza nusu ya shamba kabla hujafika na pesa zako. Ethanoli nayo ina oksijeni yake ndani, ndiyo maana inaachwa nyuma na mafuta taa. Makaa ni mti uliofukuzwa maji na oksijeni kwa lazima, ukabaki kaboni karibu tupu.

Kufukuza huko kuna bei, ila haiandikwi kwenye mkebe. Tanuri la udongo, lile la kufukia magogo na majani, hutoa kilo moja au moja na nusu ya makaa kwa kila kilo kumi za kuni. Fanya hesabu. Kilo kumi za kuni zilikuwa na megajuli 160. Kilo moja na robo ya makaa ina kama 36. Zaidi ya robo tatu ya joto la mti ilitoka kama moshi huko porini, kabla lori halijafika barabarani. Kwa hivyo ukiona moshi mwembamba ukipanda kutoka vilimani, ujue ni jiko la mtu mwingine linaungua bila sufuria. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii. Makaa hayakuisha Kisumu, yalipanda bei tu na kuanza kuingia usiku.

Sasa nieleze kwa nini mimi, mtu aliyeacha kemia, nilirudi kwenye hesabu hizi.

Mama anakaanga samaki. Ngege zikipatikana kwa bei ya binadamu, na zisipopatikana, mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa kwenda ng'ambo. Asubuhi anauza chai na mandazi. Jioni, kwenye makaa yanayokufa, anabandika nyoyo ya kesho. Miaka miwili iliyopita alianza kukohoa kikohozi kisichokuwa na homa. Kwenye zahanati daktari alimsikiliza kifua na kumwambia apunguze moshi. Ni hivyo tu, apunguze moshi, kama vile mtu angemwambia boda apunguze barabara. Akaniletea swali nyumbani: "Wewe si ulisoma hizi vitu? Niambie gesi itanimaliza pesa ama haitanimaliza."

Nilichukua mizani yake ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, na sufuria ya lita tano. Maji ya kwetu huanza kama digrii 24. Kuchemka huchemka kwa 96 hivi, si 100, kwa sababu Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. (Watu wa Mombasa maharagwe yao huiva haraka kuliko yetu na hawajui wamebarikiwa.) Kupandisha lita tano kwa digrii 72 kunahitaji megajuli 1.5. Hiyo haibadiliki, hata upikie kwa makaa, kwa gesi au kwa hasira. Kinachobadilika ni kiasi unachochoma ili hizo 1.5 zifike ndani ya sufuria.

Kwenye jiko lake la zamani la bati tupu, tulichoma makaa gramu 290. Hizo ni megajuli 8.4. Asilimia 18 tu iliingia kwenye maji. Tukaazima kwa jirani jiko lenye kauri ndani, lile lililoanza kutengenezwa na mafundi wa jua kali mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiiga jiko la ndoo la Thailand na kulipa kiuno chembamba. Gramu 190. Asilimia 27. Kisha meko ya kuazima, gesi ya kilo sita. Tuliipima silinda kabla na baada: gramu 63. Zaidi ya nusu ya joto iliingia ndani ya maji.

Nikageuza kuwa shilingi. Mkebe wa shilingi 70 una kilo moja hivi. Gesi kilo sita ilikuwa shilingi 1,200 kuijaza. Gunia la makaa lenye kilo 38 lilikuwa 2,000. Kuchemsha lita tano kwa makaa ya mkebe kwenye jiko la bati: shilingi 20. Kwa gesi: chini ya 13. Kwa makaa ya mkebe kwenye jiko la kauri: 13 na kitu. Na kwa makaa ya gunia kwenye jiko la kauri: 10.

Nilikuwa nimetarajia gesi ishinde. Haikushinda. Aliyeshinda ni mtu mwenye shilingi 2,000 mkononi na jiko zuri. Aliyeshindwa vibaya kuliko wote ni mtu mwenye shilingi 70 na jiko la bati, na huyo ndiye anapanga foleni pale kwa muuza makaa kila asubuhi, mama akiwa wa tatu kutoka mbele. Fueli ni moja, kaboni ni ile ile, kilojuli 29 kwa gramu kwa tajiri na kwa maskini. Lakini maskini analipa mara mbili kwa chai moja.

Nilimsomea matokeo. Alisikiliza akigeuza samaki, akasema, "Sawa. Na gesi ikiisha saa kumi na mbili jioni, samaki iko kwa karai, watu wamekaa, utanikopesha kilojuli?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kwa mkebe, ukiwa na shilingi 70 unafungua biashara. Siku mbaya unanunua miwili badala ya minne na unafunga mapema. Gesi haina siku mbaya ndogo. Ina 1,200 au haina kitu. Anayepata faida ya shilingi 500 au 600 kwa siku, akiwa na karo ya mdogo wangu na kodi ya nyumba, hawezi kuweka 1,200 kando ikisubiri silinda ilie. Jedwali langu lilikuwa la bei ya joto. Lake lilikuwa la bei ya kukosa joto, na lake lilikuwa refu zaidi. Wataalamu wa miradi ya majiko safi wakija huku na mabango yao huita jambo hili ukosefu wa uhamasisho. Mama yangu amehamasika tangu zamani.

Siku hizi kuna kampuni zinazouza gesi kwa mita, unalipia kwa simu kidogo kidogo kama stima. Wazo ni zuri, kwa sababu limegundua kwamba tatizo lilikuwa mkebe, halikuwa gesi. Kwetu bado hazijafika hadi mlangoni.

Serikali nayo ina mkono wake ndani ya sufuria. Septemba 2018 mafuta taa yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ili wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli. Waliochanganya walikuwa na malori. Waliolipa walikuwa na stovu za utambi. Julai 2021 gesi ya kupikia ikawekewa VAT ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei mpya za petroli, dizeli na mafuta taa, na redio zote za Kondele hunyamaza kidogo. Makaa hayatangazwi na mtu. Makaa hupanda kimya kimya, kwa kitako cha mkebe kusogea juu nusu inchi.

Mjomba wangu, ambaye sisi humwita nera, alivua omena kwa miaka mingi kwa taa za karabai. Kama hujawahi kuona ziwa usiku wa giza la mwezi, utadhani kuna mji mwingine huko katikati. Taa moja baada ya nyingine, zote zikichoma mafuta taa ili wadudu waje, na omena wafuate. Ajabu ni kwamba karibu joto lote la mafuta yale lilikwenda hewani na majini. Kilichotakiwa ni mwanga, na mwanga ulikuwa sehemu ndogo mno, chini ya moja kwa mia. Nera alilipia mafuta kabla hajajua kama atapata samaki. Sasa wengi wamehamia taa za betri na sola, na nera akizungumzia karabai huzungumza kama mtu anayemkumbuka mke aliyemtesa.

Kuna swali moja ambalo wageni wote huuliza wakifika ufuoni. Mbona msichome haya magugu? Magugu maji yamekuwa mzigo wetu tangu miaka ya 1990, yanafunga ghuba mpaka boti zinakwama Dunga, na kwa mgeni yanaonekana kama fueli ya bure. Hapa kemia inajibu vizuri. Gugu bichi ni maji asilimia 90, mara nyingi na zaidi. Tuwe wakarimu tuseme kilo moja ina gramu 100 kavu. Ukizichoma utapata megajuli moja na nusu, labda. Lakini kugeuza zile gramu 900 za maji kuwa mvuke kunakula megajuli mbili. Yaani ukilitupa bichi motoni, linakudai. Ndivyo zilivyo kuni za msimu wa mvua pia: unanunua fungu, unachoma nusu ya fungu ili kukausha nusu nyingine, na kinachobaki ni machozi. Hata makapi ya miwa katika viwanda vya sukari vya ukanda wetu hutoka kwenye kinu yakiwa nusu maji, na bado yanaendesha tanuru, kwa sababu ni mengi na hayanunuliwi. Magugu yanaweza kukaushwa na jua na kugandamizwa kuwa vipande vya kuchoma, au kuozeshwa kwenye pipa mpaka yatoe gesi, kama walivyojaribu pale Dunga. Bakteria hawajali maji. Ila jua linataka nafasi na siku, na pipa linataka mtu wa kulilisha kila asubuhi.

Nimechelewa kufika kwenye jambo ambalo ndilo lililomaliza mjadala nyumbani kwetu, pengine kwa sababu silipendi.

Ilikuwa Aprili, mvua za masika. Paa la kibanda linavuja, kwa hivyo mama aliingiza jiko ndani ya nyumba pamoja na sufuria ya nyoyo, akashusha turubai mlangoni mvua isiingie. Nilikuwa nimeenda kutafuta bando la kutuma kazi. Niliporudi nilimkuta ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, anasema kichwa kinampasuka na kwamba amelewa ingawa hajanywa kitu. Hakukuwa na moshi hata kidogo. Makaa yalikuwa mekundu, safi, mazuri. Nilimvuta nje kwenye mvua. Alikaa chini ya mchirizi wa paa la jirani kama saa nzima kabla macho yake hayajarudi kuwa ya kwake.

Kidato cha pili tulichora jiko la makaa kwa penseli. Chini, karibu na tundu la hewa, kaboni hukutana na oksijeni ya kutosha na kuwa kaboni dioksidi. Katikati, gesi hiyo hupanda kupitia makaa yaliyo moto, ambayo huinyang'anya oksijeni, na inageuka kaboni monoksidi. Juu kabisa, ikikutana na hewa tena, huungua kwa ndimi ndogo za buluu. Zile ndimi umeziona. Watoto huzipenda. Kwa kila moli ya kaboni, safari nzima mpaka mwisho hutoa kilojuli 393.5. Ikiishia njiani kama kaboni monoksidi, zimetoka 110.5 tu. Nyingine 283 bado ziko ndani ya ile gesi, hazijawa joto, zinaelea chumbani bila rangi wala harufu. Ukiivuta, inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Yaani kilichokuwa kikimuua mama usiku ule kilikuwa joto ambalo tulikuwa tumelilipia na halijafika kwenye nyoyo.

Nimefikiria sana hiyo 283. Mwalimu wetu angeandika kwamba ilipotea katika mazingira.

Baada ya hapo nilisema gesi itanunuliwa, hata kama nitasifu majiko ya Wamarekani mpaka mwisho wa dunia. Mama alikuwa na hofu yake. Julai 2021, pale Malanga upande wa Siaya, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, lori la petroli lilipinduka, watu wakatoka na mitungi, na likalipuka. Zaidi ya watu kumi walikufa. Februari 2024 ikawa Embakasi, gesi ya kupikia. Kwake yeye gesi na petroli ni ukoo mmoja, na hajakosea: ni kaboni na haidrojeni zinazongoja oksijeni, na tofauti kati ya chai na msiba ni kasi tu. Kuhusu Malanga watu waliandika mengi mitandaoni, kwamba ni tamaa, kwamba ni ujinga. Mimi nilipiga hesabu. Lita ya petroli wakati huo ilikuwa zaidi ya shilingi 120. Mtungi wa lita 20 ni zaidi ya shilingi 2,400, kazi ya siku sita kwa mtu wa kibarua cha 400. Kila aliyekimbia na mtungi alijua bei ya joto kuliko walioandika.

Basi tulifika hapa. Meko ilinunuliwa, nusu pesa yangu, nusu ya chama chake. Inakaa ndani na inatumika kwa chai ya alfajiri na siku za mvua, dirisha likiwa wazi, hilo nimelisimamia kama askari. Jiko la bati tumempa muuza mahindi, ambaye nalo atalitoboa lote mwaka huu. Kwenye kibanda kuna jiko la kauri, na makaa hayanunuliwi tena kwa mkebe. Wanawake watatu wa mstari ule huchanga na kununua gunia moja kila siku tatu au nne, wanaligawana kwa mizani ya samaki, na ugomvi ni mwingi kuliko ulivyotarajiwa. Nani alichukua vipande vikubwa. Nani alikuja na ndoo yenye maji chini. Mmoja hudai mizani imepinda kwa upande wa mama. Hesabu nimeziandika kwenye daftari lenye mistari, na wakinikuta hapo huwa nageuzwa hakimu, mwenye digrii ambayo sina.

Kikohozi kimepungua, hakijaisha. Samaki bado wanakaangwa kwa makaa, kwa sababu karai lile halikai juu ya meko na kwa sababu wateja wanasema ladha si moja. Hilo la ladha nimelinyamazia, maana katika mafuta yanayochemka samaki hajui kilicho chini.

Juzi mama aliniuliza kama vumbi linalobaki chini ya gunia lina kilojuli. Nilimwambia linazo, tena si mbali sana na za makaa mazima, mradi halijachanganyika na mchanga. Akaniangalia kama mtu aliyeibiwa kwa miaka thelathini. Kisha akachukua ufagio na ndoo, akawapitia wale wenzake wawili kabla hawajasikia.